Wiki Ambazo Bridgit Aliziruka

Kama hujawahi kusikia jina langu, basi hujakaa Eldoret vizuri. Mimi ni Oyugi, mkazi wa Elgon View. Nyumba ina vyumba sita, ina ua wa kijani kibichi, na mbwa wawili wananisalimia kila asubuhi. Kama mwenye nyumba anaishi ng'ambo na mimi ndiye ninayefungua geti na kulifunga, hiyo ni habari ya ndani ya familia. Shule niliiacha darasa la sita, au shule iliniacha mimi, hatujakubaliana mpaka leo. Lakini yuko mtu mmoja ninayeweza kukueleza habari zake kuliko profesa yeyote, naye ni mpwa wangu Bridgit Opondo, mtoto wa dada yangu Hulda. Bridgit ni fundi wa kompyuta katika chuo kikuu kule Chepkoilel, na anakaa na mimi kwenye vyumba vya nyuma, vile vya watumishi ambavyo wenye adabu hawaviiti kwa jina.

Ukimkuta barabarani utampita. Mwembamba, sweta ya kijivu, macho chini kama aliyeangusha ufunguo. Kwenye foleni ya mkate watu wanamruka na hasemi neno. Lakini kula! Anakula mbio, kama sahani ina safari. Hiyo aliitoa kwa baba yake, marehemu shemeji yangu Opondo, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukaushia mahindi kwenye ghala moja la Moi's Bridge. Huko ndiko Bridgit alikokulia, na mtoto wa huko anajua bei ya gunia kabla hajajua sala ya Baba Yetu. Kila asubuhi karani wa ghala aliandika bei kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Mvua, jua, sikukuu, hata siku ambayo gunia moja halijaingia, bei iliandikwa. Bridgit akienda shule aliisoma kwa sauti, na baba yake akamwitikia kutoka ndani ya vumbi la mahindi. Nakueleza mapema, kwa sababu ubao huo ndio uliotuponza.

Sasa, kazi yake ya mshahara ni kuamsha kompyuta za wanafunzi zilizozimia. Kazi yake ya moyo inaitwa Ungo.

Ungo ni programu ya kusaga takwimu za uchumi: bei, mavuno, mishahara, mambo ya namna hiyo. Ilianzishwa na mwalimu mmoja wa Iringa, akaiweka kwenye mtandao bure, na tumbo la programu yenyewe liko wazi kama redio niliyoifungua mimi. Mtu yeyote duniani akiona nati imelegea anaweza kuikaza. Wenzake wanaangalia, wakiridhika, inaingia. Halipwi mtu.

"Sasa mnakula nini?" nilimwuliza.

"Tunakula kazi zingine, Mjomba."

Wenzake wanapenda mambo ya kung'aa, grafu za rangi rangi. Yeye alichagua pembe ambayo hakuna anayeitaka, pembe ya sampuli. Kwa ufupi wa akili yangu, sampuli ni ile mistari ya namba ambayo mashine inaihesabu, baada ya kuweka kando ile isiyotakiwa. Umeiambia unataka bei za mwaka huu peke yake, sawa, ya zamani ikae kando. Mstari hauna bei, uko mtupu, nao ukae kando. Utasema hiyo ni kazi ya mtoto. Bwana wee! Mashine inaweza kuweka mstari kando ikasahau kuurudisha, inaweza kulinganisha watu kumi na watu saba ikadhani ni walewale, na haitakwambia. Itakupa jibu safi, lenye desimali nne, na uso wa malaika.

Mwaka jana Ungo ilikuwa na ugonjwa. Ikikutana na mistari mitupu mwanzoni mwa jedwali ilikuwa inaanguka kifudifudi. Bridgit aliitibu. Aliipangia upya kazi: kwanza ipepete mistari mitupu yote iitoe, ndipo ianze kuhesabu. Aliijaribu kwa bei za mahindi za Moi's Bridge, ikapita. Mwalimu wa Iringa akafurahi, na toleo jipya likatoka likiwa na jina lake kwenye tangazo.

Mimi je, ningenyamaza? Wewe ungenyamaza? Nilimwambia kinyozi. Nilimwambia mchungaji. Kwenye matanga ya jirani yetu Moi's Bridge nilichukua maikrofoni kutoka kwa msema chochote, yule mwendesha shughuli, nikawaeleza waombolezaji kwamba mtoto wa Opondo ametengeneza uchumi wa dunia. Mwenye maiti alipiga makofi. Bridgit alijificha nyuma ya sufuria za wali.

Hapo ndipo tukampata Hodan, au yeye akatupata. Hodan ni binti ya Mama Dahabo, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni nyuma ya msikiti, na alikuwa akisomea shahada yake ya pili ya uchumi. Alitaka kupima bei ya maziwa yale, na Bridgit akamwambia, "Tumia Ungo, dada. Sehemu ya sampuli nimeishika mimi." Wakawa marafiki, mmoja wa maneno mengi, mwingine wa maneno mawili. Nami nikapata rafiki Mama Dahabo, kwa sababu ndiye mwanamke pekee Eldoret anayenitania nikakosa jibu.

"Mzee Oyugi," aliniambia siku ya kwanza, "nasikia wewe ni tajiri wa Elgon View."

"Kidogo tu, Mama."

"Mbona viatu vyako havijapata habari?"

Mama Dahabo na wanawake wenzake wa maziwa walikuwa na friza moja kubwa ya pamoja, waliyoichangia kwa miaka. Ilikuwa inakula stima na kujaza stoo, na kila mkutano walikuwa wanaigombania. Shida ya maziwa ya ngamia ni kiangazi. Kule kaskazini kukikauka, maziwa hayaji kabisa. Mvua ikinyesha yanarudi, lakini yanarudi kwa kushtuka: wiki hii yamefurika, wiki mbili zinazofuata hakuna tone. Mwenye friza anaweka akiba ya wiki ya mafuriko, anauza wiki ya ukavu, na mteja hapotei. Swali lilikuwa moja: huko kushtuka kunachukua muda gani kabla soko halijatulia? Kila mama alikumbuka kiangazi chake. Mmoja anasema siku chache, mwingine anasema hadi nywele zigeuke mvi. Kama ni siku chache, friza ni mzigo. Kama ni muda mrefu, friza ndiyo mama yao.

Hodan alisaga namba zake kwenye Ungo, akaja na jibu: wiki moja, soko limetulia.

Jumamosi moja aliwaeleza akina mama, na projekta ukutani. Wakaamua kuitoa friza. Abdirizak, mwenye malori ya kwenda Lodwar, aliitaka friza kwa duka la nyama la ndugu yake huko, naye akaahidi mitungi yao ipate nafasi kwenye lori kila safari. Wakapeana mikono mbele ya watu. Kilichobaki ni lori kuja kuichukua wakati wowote wiki iliyofuata. Hodan akapanda gari kwenda Garissa kwa arusi ya binamu yake, moyo mweupe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nikinywa chai, Bridgit akiwa na kompyuta yake mezani, anamtengenezea Hodan picha za kuweka kwenye tasnifu. Nikaona mkono wake umesimama. Kikombe chake kilikuwa kinatoa moshi, kikaacha, na yeye hajagusa.

"Bridgit, chai inakuwa maji ya mto."

"Mjomba, njoo uone."

Nikasogea. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa bei, unapanda, unashuka, kutoka mwaka juzi hadi sasa.

"Mstari mzuri," nikasema. Sikuwa na lingine la kusema.

"Haukukatika."

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Mjomba, mwaka jana kiangazi maziwa hayakuja karibu miezi miwili. Hakukuwa na bei. Huu mstari unapaswa kuwa na shimo. Shimo liko wapi?"

Alinieleza, na wacha nikueleze nilivyoelewa mimi, maana nilielewa, sema utakalo. Fikiria mtoto anapelekwa kliniki kupimwa kila mwezi. Januari kapimwa, Februari kapimwa, halafu mama yake akampeleka ushago, kule kijijini, mpaka Juni. Juni anarudi amenona. Muuguzi mwenye akili ataacha nafasi ya miezi ile mitupu kwenye kadi. Muuguzi mjinga ataandika Juni palepale baada ya Februari, halafu apige kelele: jamani, huyu mtoto ameongeza kilo tatu kwa mwezi mmoja! Ungo ilikuwa muuguzi mjinga. Ilizipepeta wiki tupu, za kiangazi na zile za ukavu baada ya mvua, kisha ikazisukuma zilizobaki zishikane. Wiki ya kichaa ikalala ubavuni mwa wiki ya utulivu, kama mume na mke waliogombana msimu mzima wakapigwa picha wamekumbatiana. Ndiyo maana soko likaonekana limepona haraka.

"Nani aliifundisha ujinga huo?" nikauliza.

Alifunga kompyuta polepole, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Ni mimi. Ile dawa ya mwaka jana."

"Lakini uliijaribu!"

"Kwa mahindi, Mjomba. Mahindi ya Moi's Bridge hayana wiki tupu katikati. Utupu uko mwanzoni, kabla rekodi hazijaanza. Sikuwahi hata kufikiri kwamba kunaweza kuwa na soko ambalo asubuhi linaamka halina bei." Akashika shingo yake. "Nilidhani bei iko tu, kama jua."

Mtu wa pwani asingekosea hivyo, anajua kuna siku samaki hakuna. Mchunga ngamia asingekosea hivyo. Ilimtaka mtoto wa mahindi.

Mimi ninaheshimu muda wa mtu kujuta, lakini si mrefu. Nikamwambia, "Sawa. Vaa sweta twende kwa Mama Dahabo."

"Siwezi kwenda mikono mitupu."

"Utabeba nini? Ndizi?"

"Kwanza nitengeneze. Kule kwetu kwenye Ungo huwezi kusema kitu kimeharibika bila kuonyesha kimeharibika wapi, na dawa yake, na jaribio la kuthibitisha dawa. Nikienda sasa nitakuwa na aibu peke yake. Nikimaliza, nitakuwa na jibu la kweli la kuwapa. Nitasema si wiki moja, ni muda huu."

Ilikuwa na busara, sikatai. Maneno yake mengi kuliko yote mwaka huo. Lakini hata mimi wa darasa la sita niliona kitu kinajificha nyuma ya busara ile.

"Bridgit," nikasema, "mtu akimwaga uji wa wenyewe, haendi kwanza dukani kununua sufuria mpya. Anasema, jamani nimemwaga."

"Mjomba, tafadhali."

Akaomba ruhusa kazini, akajifungia. Jumanne mchana nilimpelekea ugali na omena, akala mbio kama kawaida, kumbe alikuwa anameza bila kutafuna. Simu ikalia. Alikuwa Hodan, kutoka Garissa, na simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono ya Bridgit ilikuwa na mchuzi.

"Sasa Bri! Uko poa?"

"Poa."

"Arusi imeiva, wacha tu. Picha zangu umemaliza?"

"Karibu."

"Aki wewe ni malaika. Halafu Mama anakusalimia. Anasema Abdirizak anakuja na lori kesho ama kesho kutwa kuchukua ile friza, hatimaye stoo itapumua. Si umefanya kazi, wewe na Ungo yako! Uko poa kweli? Sauti yako iko mbali."

Nilimwangalia. Nilimwonyesha kwa kidole ile simu. Nikafungua mdomo nami, na yeye akanikazia macho, macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtoto yule, ya mtu anayeomba asivuliwe nguo barabarani. Nikaufunga. Mimi, Oyugi, nikaufunga mdomo.

"Poa," akasema. "Mafua kidogo."

"Pole. Kunywa maziwa ya ngamia!" Hodan akacheka, simu ikakatika.

Jumatano hakutoka. Nilisikia vidole vyake vikigonga kama mvua ya mawe kwenye mabati. Alipitia kila njia ambayo Ungo inaweza kuweka mstari kando, akaifundisha ikumbuke mahali ulipokaa, iache nafasi yake wazi, isimsogeze jirani. Aliandika majaribio: wiki tupu mwanzoni, wiki tupu mwishoni, wiki tupu katikati, wiki tupu zilizofuatana, zilizopishana. Aliyapanga vizuri. Baadaye aliniambia kwamba dawa yenyewe ilikuwa tayari Jumanne kabla Hodan hajapiga simu. Muda mwingine wote ulikuwa wa kuipaka rangi.

Alhamisi alitoka ameoga, nywele zimebanwa, na karatasi ya grafu mpya mkononi, shimo la kiangazi likionekana juu yake kama pengo la jino. Jibu jipya lilikuwa karibu miezi miwili baada ya mvua, ndipo soko litulie. Mimi nikavaa koti langu la mazishi, tukaenda.

Mama Dahabo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafukiza mitungi kwa moshi wa kuni, kama wanavyofanya ili maziwa yasiharibike upesi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi nyuma yake. Sakafuni kulikuwa na alama ya pembe nne, saruji safi isiyojua vumbi, na waya wa stima umelala hapo haujui uende wapi.

Bridgit aliiona kabla yangu.

"Karibu, binti yangu," Mama Dahabo akasema. "Na wewe, tajiri. Kaeni. Mbona mmesimama kama polisi?"

"Mama, friza…"

"Imeenda jana jioni. Sasa hivi iko Lodwar, inalala na mbuzi." Wanawake wawili waliokuwa wakichuja maziwa wakacheka.

Bridgit alisema. Wacha nimpe haki yake, alisema yote, amesimama, bila kutumia maneno ya kitaalamu ya kujificha. Akasema mashine ilikosea, kisha akajirekebisha, akasema, "Si mashine. Mimi ndiye niliyeiambia iruke." Akaonyesha karatasi. Wale wawili wakaacha kuchuja. Mama Dahabo akaipokea karatasi, akaiangalia, akaweka kidole chake chenye masizi kwenye lile shimo.

"Hapa ndipo tulipokuwa hatuna kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Wiki hizi nilikuwa nakuja hapa naketi. Sina maziwa. Naketi tu, ili mteja akipita anione, asiseme Dahabo amekufa." Kidole hakikuondoka. "Na kompyuta yako ikasema hatukuwepo."

"Mimi ndiye…"

"Nimesikia kwamba ni wewe. Kukosea, kila mtu anakosea. Hata Hodan angeweza kuona, naye hakuona, na mimi mwenyewe niliinua mkono kwenye mkutano." Akamrudishia karatasi. "Nataka kujua kitu kingine. Ulijua lini?"

Wewe msomaji, kama umewahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu anayekupenda, unajua jinsi mdomo unavyokauka. Nilitaka kuingilia, nitie uongo mdogo wa kusaidia, nina mwingi. Bridgit akaniwahi.

"Jumatatu."

Moshi ukaendelea kutoka kwenye mtungi.

"Jumatatu friza ilikuwa hapa," akasema Mama Dahabo. "Jumanne ilikuwa hapa. Jana mchana nilikuwa bado naweka maziwa ndani."

"Nilitaka nije na dawa, Mama. Nisije na aibu tupu."

"Ungekuja na aibu yako mbichi Jumatatu, ningekutukana kwa Kisomali na Kiswahili, na friza ingebaki." Alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana iliuma. "Umetengeneza mashine vizuri sana. Nakuona, umeitengeneza vizuri. Sisi tulikuwa tunangoja nje."

Nikauliza kama Abdirizak hawezi kuirudisha. Mama Dahabo akanitazama kama mtoto. Alikwishatoa neno lake mbele ya watu, naye Abdirizak alikwishampa ndugu yake, ndugu yake alikwishajaza nyama. "Neno likishapanda lori, Mzee, halirudi na gari lile lile."

Njiani Bridgit hakulia. Ningependa angelia, kulia ninajua dawa yake. Alitembea akiikunja ile karatasi ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikawa kama kidonge.

Hodan aliporudi kutoka Garissa alikuja hadi getini Elgon View. Hakuingia.

"Kosa la programu sijali," alimwambia Bridgit. "Nitarudia sura mbili, msimamizi wangu atanipigia kelele, yataisha. Lakini nilikuuliza uko poa. Nilikuuliza mara mbili, Bri. Nikakutajia friza kwa mdomo wangu."

"Najua."

"Ukaniambia mafua."

"Najua, Hodan."

"Basi kama unajua." Akaondoka. Mbwa wale wawili, ambao hubwekea hata upepo, walinyamaza.

Sasa sikia dunia ilivyo na kichaa. Dawa ya Bridgit ilipoingia kwenye Ungo, watu wakaanza kuandika pongezi kutoka kote. Mmoja akasema ni kazi safi kuliko zote alizoona mwaka huo. Mwalimu wa Iringa akamwomba awe msimamizi wa pembe yote ya sampuli. Mimi nikaruka. Nikachukua kofia nimkimbilie kinyozi.

"Mjomba, usiende," akasema. "Nakuomba. Wakinisifu wewe ukirudia, nasikia kama mtu ananipaka kinyesi usoni."

Nikarudisha kofia kwenye msumari. Ilikuwa uchungu, usidhani.

Aliwajibu wenzake hadharani, huko wanakoandikiana wote wanaona. Alinisomea. Aliandika kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba alilijua kabla ya kulitangaza, kwamba katika muda aliokuwa akiling'arisha watu wa soko moja Eldoret walipoteza kitu ambacho hakirudi. Akasema atakubali usimamizi kwa sharti moja: yeyote akiona kosa kwenye sampuli, aseme siku ileile, hata kama hana dawa, hata kama hana uhakika, hata kama anaona haya. Mmoja akamjibu kwamba utaratibu huo utawajazia takataka. Akaandika: zijae.

Lakini sokoni hakwenda. Kiangazi kiliingia, maziwa yakakatika, kisha mvua ikanyesha nayo yakarudi kwa kushtuka kama grafu ilivyosema, na akina mama wakawa wanagawa lita za mwisho kabla hazijachacha. Bridgit alitaka kununua, kila Jumamosi alitaka kununua, na alinituma mimi. Mimi! Mjaluo wa samaki, nikibeba mtungi wa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, nikipita mbele ya watu wanaonijua.

"Yule binti yuko wapi?" Mama Dahabo aliniuliza kila mara.

"Ana kazi nyingi, Mama. Unajua ni msimamizi sasa."

"Hm."

Jumamosi iliyopita alikataa kunijazia. Alifunika chombo kwa mkono wake.

"Mwambie mzee hatumwi maziwa. Akitaka, aje."

"Anaona haya, Mama."

"Najua anaona haya. Aje nayo."

Nikampelekea ujumbe ule kama ulivyo, sikuongeza chumvi, jambo ambalo kwangu ni kama kufunga siku arobaini. Bridgit aliketi kitandani akavaa kiatu kimoja. Kisha akavaa cha pili.

Tulifika soko likiwa limejaa. Alisimama nyuma ya wateja, kwenye foleni, na watu wakamruka kama kawaida, naye akawaacha, nadhani siku hiyo alitaka wamruke hata wengine zaidi. Ilipofika zamu yake Hodan alikuwa pale akipima maziwa. Hakumsalimu. Akamtazama mama yake. Mama Dahabo hakumwambia Bridgit karibu, wala hakumwita binti yangu. Alimwelekeza kwa kidevu mahali penye rundo la mitungi michafu, beseni na brashi.

"Hiyo haijaoshwa. Maji ya moto yako kwenye birika. Ukiacha harufu ya sabuni ndani utaosha tena."

Bridgit akakunja mikono ya ile sweta ya kijivu, akachuchumaa, akaanza. Hodan akaendelea kupima. Baada ya mtungi wa tatu au wa nne akasogeza mguu, akampisha mwenzake apate nafasi ya beseni, bila kugeuka.

Mimi nikabaki nimesimama na mtungi wangu mkononi, nimebanwa na maneno kama matano hivi, mazuri sana, ya kufaa wakati ule.

"Na mimi, Mama? Mimi nifanye nini?"

"Wewe, Mzee Oyugi," akasema, "nyamaza kidogo."